Tangi la lita 90: hamira imeniulia samaki, sasa nichukue mfumo gani wa CO2?

Mama Nasra (Tabata, Dar es Salaam)

Wakuu habari zenu. Mimi ni fundi cherehani, na tangi langu liko kwenye chumba ninachoshonea, mbele ya meza ya cherehani. Nikiinua macho kutoka kwenye sindano naliona. Lina sentimita 75 kwa 35 kwa 35, kwa hiyo ukitoa udongo na mawe nakadiria maji ni lita 85 hivi. Taa ni LED ya wati 30, inawaka saa 8 kwa siku. Ndani nina gapi, neoni tetra na kamba wadogo wekundu. Mimea ni anubiasi, valisneria, rotala, na monte kalo ile inayotandaa chini kama zulia.

Kabla ya kuweka gesi ya CO2 (hewa ya ukaa, ambayo mimea huila), anubiasi na valisneria zilikuwa hazina shida. Rotala ilikuwa inarefuka miguu mitupu, majani yako juu tu, na monte kalo ikawa inageuka njano na kung'oka yenyewe. Nikasoma kwamba taa yangu ni kali kuliko gesi iliyomo kwenye maji, nikatengeneza chupa ya hamira: chupa ya soda ya lita 2, vikombe viwili vya sukari, robo kijiko cha chai cha hamira, maji ya uvuguvugu, mpira mwembamba mpaka kwenye difyuza ya kauri, ile inayopasua gesi iwe viputo vidogo vidogo majini. Na kweli ilifanya kazi. Siku ya tatu niliona jani la rotala limejipanga vitone vya oksijeni pembezoni, kimoja kinaachia, kinapanda juu, kingine kinaanza pale pale. Niliacha kushona nikakaa kukitazama.

Lakini kwa joto la hapa hamira haina kiasi. Siku nne za kwanza inatoa gesi kama imekasirika, wiki ya pili imelala. Usiku wa Jumanne iliyopita umeme ulikatika saa 7, ukarudi saa 11 alfajiri. Filta ilisimama, uso wa maji ukatulia kabisa, na chupa ikaendelea kumimina gesi muda wote huo. Asubuhi nimewakuta gapi 11 na neoni 6 wamekufa. Waliobaki walikuwa wamejibana juu kwenye pembe, midomo nje ya maji. Kipimo cha rangi cha CO2 ya majini kilikuwa njano kama ganda la limau, yaani gesi imezidi. Neoni wale niliwafuga tangu wakiwa wadogo kama punje ya mchele, na imeniuma sana.

Nimetoa chupa. Sitaki tena kitu ambacho siwezi kukifunga. Nimeona njia tatu: chupa ya chuma ya asidi ya sitriki na bekingi soda, mtungi wa kizima moto uliobadilishwa, au mtungi wa kilo 2 wa gesi ya soda na regulata yake, kifaa cha kushusha presha. Bajeti yangu ni laki 4, naweza kuongeza kidogo nikilipwa sare za shule. Umeme wetu unakatika mara mbili tatu kwa wiki. Ninayempa swali zaidi ni mwenye kuishi pwani kwenye joto kama letu. Naomba kuwasilisha.

Majani Mabichi (Arusha)

Pole sana Mama Nasra. Neoni 6 kwa usiku mmoja si jambo dogo.

Kabla hujatoa laki 4, punguza taa kwanza. Saa 8 kwa wati 30 kwenye tangi la kina cha sentimita 35 ni nyingi. Ishushe hadi saa 6 na uiinue juu kidogo. Tangi langu halina gesi yoyote: anubiasi, jani la Java, kriptokorini, na bolbitisi ambayo ni mmea wa Afrika yetu hii hii. Linapendeza na silali na wasiwasi. Ila moja tu: monte kalo itakuaga. Kama moyo wako uko kwenye zulia la chini, gesi huikwepi.

Tangi dogo la ofisini ninaliendesha kwa sitriki, kwa hiyo hilo naweza kukueleza. Chupa yangu ni ya chuma kisichoshika kutu, lita 2, ina geji na vali ya usalama. Naweka gramu 200 za asidi ya sitriki, ile ya unga wanayotumia watengeneza juisi, gramu 200 za bekingi soda, na maji mililita 300. Iwe bekingi soda yenyewe, si beking pauda, maana pauda ina wanga na asidi tayari ndani yake na inalipuka povu ukiigusisha maji tu. Ukishafunga na kutikisa, chupa inakuwa baridi mkononi kama umeitoa kwenye friji. Mchanganyiko ule hunyonya joto. Kwangu inakaa wiki tatu, kwa kiputo kimoja kila sekunde mbili.

Uzuri wake ni kwamba inafungwa kwa solenoidi (vali ya umeme) kama mtungi wa kweli. Ubaya: kwa lita 85 utakuwa unaijaza kila baada ya siku kumi na kitu, na kila ukijaza unaanza kuseti viputo upya. Mimi kwa lita 85 nisingeichagua.

Fundi wa Soda (Mombasa)

Mama Nasra, pole dadangu. Mimi kazi yangu ni mashine za soda za mahotelini, zile za kuchanganya sharubati na maji yenye gesi. Mitungi ya CO2 naibeba kila siku, na nyumbani Kisauni nina tangi la lita 120 lenye gesi mwaka wa tano huu. Umesema umeishaumizwa na kitu usichoweza kukifunga, basi hapo ndipo pa kuanzia. Chagua mfumo kwa kuangalia utafanya nini saa ile ambayo wewe hupo na umeme haupo. Kwa hesabu hiyo hamira imetoka. Sitriki inabaki ila itakuchosha. Mtungi na regulata ndio wako.

Gesi kwanza, maana watu huogopa kwamba ya soda ina dawa. Haina. CO2 ya soda huku Kenya sehemu kubwa inatolewa ardhini Kereita, Kiambu, na kwenu Tanzania inatoka kwenye ardhi ya volkano ya Rungwe, kule Mbeya. Inasafishwa, inashindiliwa mpaka iwe maji, inatiwa mtungini. Samaki hatajua tofauti.

Sasa joto, uliloliuliza. Ndani ya mtungi gesi iko kama kimiminika, na juu yake kuna mvuke. Nyuzi 20 geji inasoma bar 57 hivi. Nyuzi 30 inasoma kama 72. Ukipita nyuzi 31 hakuna tena kimiminika humo, yote imekuwa gesi nzito moja, na hapo presha inategemea umejaziwa kiasi gani. Mchana wa Februari Mombasa ama Dar tunafika huko bila shida. Kwa hiyo mambo mawili. Usimruhusu mjazaji akuongezee "kidogo cha bure" juu ya uzito ulioandikwa mtungini. Na usiuache mtungi uliojaa ndani ya gari juani, hata kama unashuka sokoni dakika kumi. Kuna kisahani cha usalama kwenye vali ambacho hupasuka presha ikizidi, kinafanya kazi yake vizuri, lakini hutaki kiifanye ukiwa ndani ya gari.

Kwa sababu hiyo hiyo geji ya presha kubwa haikuambii gesi imebaki kiasi gani. Itasoma vile vile mpaka kimiminika kiishe, halafu ianguke kwa siku chache. Mimi napima kwa mzani. Shingoni mwa mtungi kuna uzito mtupu umegongwa kwa nyundo. Toa huo, kilichobaki ni gesi. Angalia pia tarehe ya mwisho ya kupimwa nguvu za mtungi. Ukiwa umechakaa tarehe, mjazaji makini atakukatalia, na yuko sawa.

Mtungi wa kilo 2 kwangu, viputo viwili kwa sekunde, saa 8 kwa siku, hunitosha karibu miezi 10.

Pesa yako nyingi iwe kwenye regulata. Hapa ndipo ninapogombana na watu. Mtu ananunua mtungi mpya unaong'aa halafu regulata anachukua ya bei ya chini kabisa. Regulata ya hatua moja, inayoshusha presha mara moja tu, ina tabia hii: presha ya mtungini ikianza kuanguka mwishoni, presha ya upande wa tangi inapanda. Gesi iliyobaki inamiminwa yote kwa mkupuo. Ukiwa umelala ni hadithi ile ile ya Jumanne yako. Ya hatua mbili haifanyi hivyo. Kama bajeti haifiki, chukua ya hatua moja iliyo imara lakini utoe mtungi ukajazwe mara geji inapoanza kushuka, usingoje siku hata moja.

Na kabla hujalipa, beba nati ya regulata uende nayo kwenye mtungi. Za kuagiza huja na nyuzi za skrubu za aina mbili, W21.8 ya Ulaya na CGA320 ya Marekani. Kwa macho zinafanana. Ukilazimisha kwa spana utaua vali. Washa (pete) ya plastiki kati ya nati na vali iwe mpya, paka maji ya sabuni, hesabu mpaka sitini ukiangalia povu.

Vitu vingine kwa ufupi: mpira uwe wa poliyurethani, wa silikoni unapitisha gesi kidogo kidogo kwenye kuta zake. Vali ya kuzuia maji kurudi, weka karibu na kikombe cha kuhesabia viputo. Difyuza ya kauri ikizibwa na mwani, iloweke kwenye jiki iliyochanganywa na maji, isuuze sana, ianike. Vali ya sindano, ile ya kurekebisha viputo, usiinunue kwa picha, izungushe kwa vidole vyako. Ikikwama kwama, achana nayo.

Mwana wa Kivu (Goma)

Jambo wandugu. Mimi sina mengi ya mimea, nina tangi moja tu la samaki wa ziwani, ila kuna kitu sijaona mtu akisema.

Kwetu huku kuna mazuku. Ni gesi hiyo hiyo ya CO2 inayotoka ardhini kwa sababu ya volkano, inakaa kwenye mabonde na mashimo kwa sababu ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu. Haina rangi. Mbuzi anashuka kunywa maji hapandi tena. Watoto wetu tunawafundisha wasilale wala wasicheze kwenye mashimo asubuhi mapema wakati upepo umetulia. Kule Kameruni mwaka 1986 ziwa Nyos lilitoa gesi hii usiku mmoja, watu zaidi ya 1,700 wakafa.

Mtungi wa kilo 2 si ziwa, lakini tufanye hesabu. Kilo 2 zikitoka zote zinakuwa gesi kama mita moja ya ujazo na kidogo. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye dari ya kawaida kina mita za ujazo 25 hivi. Ukikifunga, hewa yake itakuwa na CO2 zaidi ya asilimia 4, na hicho ni kiwango cha hatari kwa mtu, na chini sakafuni itakuwa zaidi. Mama, umesema tangi liko chumba cha kushonea. Kuna mtu analala humo? Kuna mtoto anacheza chini? Mtungi usikae chumba cha kulala. Ufunge na mnyororo ukutani usianguke, na dirisha lisiwe la kuzibwa.

Mama Nasra (Tabata)

Asanteni sana wote, mmenipa vitu ambavyo sikuviona popote. Kaka wa Goma, Mungu akubariki. Mwanangu mdogo huwa analala mchana kwenye mkeka chini ya meza ya kukatia, hatua mbili kutoka kwenye tangi. Nimehamisha mkeka jana ile ile, na mtungi ukija utakaa upande wa dirisha la nondo ambalo halina kioo.

Majani Mabichi, nimeshusha taa hadi saa 6. Lakini zulia la chini nalitaka kweli. Nilipelekwa mara moja chemchemi ya Kikuletwa, ile karibu na Boma Ng'ombe, nikaingiza miguu kwenye maji yale. Unaona mizizi ya mikuyu mpaka chini kabisa, na samaki wadogo wanakuja kukugusa vidole. Tangu siku ile nataka maji yangu yawe na uhai wa kijani kuanzia chini, si mawe matupu.

Kaka fundi, nina maswali mawili. Kuna jamaa ananiuzia kizima moto cha CO2 cha kilo 2, bei ni nusu ya mtungi. Na la pili, saa ya kuwashia na kuzima: nina ile ya kuzungusha yenye meno pembeni, inatosha?

Fundi wa Soda (Mombasa)

Kizima moto hapana, isipokuwa fundi wa mitungi akifungue akitoe bomba la ndani. Kizima moto kina bomba linaloshuka mpaka chini ili kitoe kimiminika, si mvuke. Ukikifunga kwenye regulata kikiwa kimesimama, kinaisukumia kimiminika baridi, na regulata haikutengenezwa kwa hilo. Vali yake pia ni ya kubana kwa mkono. Nusu ya bei utailipa kwa kukibadilisha.

Saa ya meno ni mtego kwa nyinyi mnaokatikiwa umeme. Ukikatika kwa muda wa saa nne, nayo inasimama muda huo huo. Umeme ukirudi inaendelea pale ilipoachia, kwa hiyo gesi iliyotakiwa kufungwa saa 11 jioni inafungwa saa 3 usiku. Baada ya wiki moja ya mgao gesi inafunguka usiku wa manane na hujui. Nunua ya dijitali yenye betri ndani. Na solenoidi hakikisha ni ile inayojifunga umeme ukikatika. Jaribu dukani: ichomeke, sikia mlio wa "tak", ichomoe, puliza kwa mdomo, hewa isipite.

Ongeza pampu ndogo ya hewa ya betri, ile inayojiwasha yenyewe umeme ukienda. Hata gesi ikiwa imefungwa, maji ya nyuzi 29 hayabebi oksijeni nyingi, na usiku mimea nayo inavuta pumzi pamoja na samaki.

Kuseti: gesi iwake saa moja na nusu kabla ya taa, izimwe saa moja kabla ya taa kuzima. Anza na kiputo kimoja kila sekunde mbili. Pima KH yako (ugumu wa kabonati wa maji) na pH (kiwango cha asidi) ya maji yaliyokaa ndooni usiku kucha. Lengo ni kama miligramu 30 kwa lita. Ikiwa KH ni 7, hiyo inaangukia pH ya 6.85 hivi. Kipimo cha rangi kitie maji ya KH 4 yaliyotengenezwa maalumu, si ya tangini, na kumbuka kinachelewa saa moja hadi mbili nyuma ya ukweli. Kwa hiyo ukiongeza, ongeza robo ya mzunguko kwa siku, siku ambayo uko nyumbani, na macho yako yawe kwa samaki. Mashavu yakianza kwenda mbio, funga gesi, tibua uso wa maji. Hapo usisubiri rangi.

Mama Nasra (Tabata)

Wakuu, narudi baada ya wiki sita.

Nilichukua mtungi wa kilo 2 uliotumika, tarehe yake ya kupimwa bado, na regulata ya hatua mbili yenye solenoidi. Jumla ilipita laki 4, nikangoja hela ya sare. Nati ya regulata ya kwanza niliyoonyeshwa haikukubali kwenye mtungi, niliibeba mfukoni kama ulivyosema kaka fundi, nikairudisha pale pale kabla sijatoa pesa. Saa ya dijitali, pampu ya betri, mpira mpya. Mtungi nimeufunga ukutani kwa mkanda wa begi niliouzungushia mshono mara tatu.

KH yangu ilitoka 7 kweli, na pH ya ndooni 8. Nilipanda pole pole siku tisa. Sasa niko kwenye kiputo kimoja na kidogo kwa sekunde, pH saa 6 mchana ni 6.9, kipimo ni kijani cha jani bichi. Siku ya saba nilizidisha, kamba wakaanza kuogelea ovyo juu, nikafunga na kutibua maji kwa kikombe, na hakufa hata mmoja. Umeme umekatika usiku mara kumi na moja tangu hapo. Kila mara nasikia "tak" ya solenoidi, kisha pampu ya betri inaanza kuguruma. Naamka, naangalia kwa tochi, wametulia katikati ya maji, narudi kulala.

Monte kalo imefunika upana wa viganja vitatu kutoka kwenye jiwe la kushoto. Rotala imefika juu na ncha zake zimeanza rangi ya waridi, inabidi nipogoe. Nitaikata Jumamosi asubuhi. Aliye Tabata au Segerea na anataka vipande vya kupanda, aje na chupa yenye maji, simuuzii.